Ufunguo wa Pili

Wakaguzi wa usalama wa taarifa wanapofika ofisini kwetu Kitale, wengi hushangaa kuona kwamba anayewapokea ni mtu wa fedha. Walitarajia fundi wa kompyuta. Fundi tunaye, na kazi yake anaijua, lakini maswali wanayokuja nayo mashine haiyajibu. Nani ana ufunguo? Nani mwingine anao? Mwenye ufunguo akiacha kazi Ijumaa jioni, kufikia Jumatatu mmefanya nini, na mtanionyesha karatasi gani? Mimi ni mdhibiti wa hesabu za miradi, na karatasi hizo ziko kwangu.

Nilizaliwa upande wa Bungoma, nikaajiriwa Trans Nzoia. Katika kwenda na kurudi kwa barabara ya Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu mpaka Webuye, nimepata muda wa kujiuliza maswali hayo yalitoka wapi. Vijana ninaofanya nao kazi hudhani yaliletwa na kompyuta. Ni ya kale kuliko hapo. Eneo hili limekaguliwa tangu siku lilipotiwa daftarini, na katika kila kizazi kumekuwa na mwenye mali, mwenye ufunguo, na mtu wa tatu ambaye jina lake limo ndani ya daftari lakini haulizwi kitu. Huyo wa tatu ndiye ninayemfuata hapa.

Daftari la kwanza lilikuwa la nyumba. Mpaka 1902 Bungoma ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na amri zilitoka Mumias. Mwaka huo mpaka ukasogezwa, tukajikuta tuko chini ya Himaya ya Afrika Mashariki bila mtu kuhama. Kodi ya kibanda ilitozwa kwa rupia, na asiye na rupia alitoa mifugo au alifanya kazi. Machifu na wazee wa mitaa ndio waliojua nyumba ya nani iko wapi. Upande wa Kimilili serikali ilimweka Murunga, ndugu yake Nabongo Mumia mtawala wa Wawanga, awe chifu juu ya Wabukusu, na manung'uniko juu ya utawala huo yalidumu miaka mingi.

Utazame mpango huo kwa jicho la mkaguzi. Anayehesabu nyumba ndiye anayesimamia ukusanyaji, na akisema boma fulani lina nyumba nne hakuna wa kusema ni tatu. Leo ningeandika kwamba majukumu hayakutenganishwa, nikaweka alama nyekundu. Mlipaji alikuwa na kinga moja tu, nayo ni risiti. Aliyeipoteza hakuwa na la kujitetea. Babu yangu mzaa baba alizitunza zake katika mkebe wa majani chai, na hata baada ya kodi ya kichwa kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakukubali zichomwe. Wajukuu tulimcheka. Sasa nina wafadhili wanaotaka hati zitunzwe miaka saba, na simcheki tena.

Daftari la pili lilivaliwa shingoni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi waliostaafu, na mashamba hayo yalihitaji mikono. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilikuwa imepitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande: karatasi ndani ya kijaluba cha chuma, imeandikwa jina, kabila, alikotoka, alama za vidole, mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachiliwa, pamoja na sahihi ya mwajiri. Sahihi hiyo ya mwisho ndiyo iliyouma. Mwajiri asipoitia, mfanyakazi aliyeondoka alionekana mtoro, na kutoroka kazi kulikuwa kosa la kushtakiwa.

Nikikisoma kipande kama mtu wa taaluma yangu, natishika kwa jinsi kilivyokamilika. Kilikuwa na utambulisho usioazimika, kumbukumbu ya kuingia na ya kutoka, mtu mahsusi wa kuidhinisha, na askari wa kukagua barabarani bila taarifa. Mashirika mengi ninayoyafahamu yangetamani udhibiti wa namna hiyo. Lakini ulitazama upande mmoja tu. Mlowezi hakuvaa kijaluba. Mfanyakazi hakuwa na daftari lake la kuonyesha kwamba mshahara ulioandikwa siyo aliopewa. Kipande kilifutwa 1947, kikaja kitambulisho kwa watu wa rangi zote, na walowezi baadhi wakalalamika kwamba sasa wao nao wanachukuliwa alama za vidole kama wahalifu. Ilichukua zaidi ya miaka 25 waone kuna aibu hapo.

Kisha mahindi. Reli ilifika Kitale 1926, na chama cha wakulima walowezi, Kenya Farmers' Association, kilikuwa kimeundwa miaka mitatu kabla. Wakati wa Vita vya Pili serikali ikashika soko lote la mahindi, mwaka 1942, na tangu hapo nafaka ya nchi hii imekuwa na bwana mwenye makaratasi: udhibiti wa vita, kisha bodi ya mahindi na mazao baada ya Uhuru, kisha Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao tangu 1979. Gunia letu la kilo 90 limetoka huko. Lilikuwa la ratili 200, vipimo vikabadilishwa jina, gunia likabaki na tumbo lake.

Baba alikuwa karani wa stoo katika ghala moja la nafaka, na elimu yangu ya kwanza ya ukaguzi niliipata mezani kwetu. Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao meneja, wa pili alikuwa nao karani, na hakuna aliyeweza kuingia peke yake. Sefu ya fedha ilikuwa hivyo hivyo. Baba alilala na ufunguo wa pili chini ya mto, na mama alisema waziwazi kwamba nyumba hii ina mke mwingine wa chuma.

Wakaguzi walifika bila kutangaza. Walihesabu fedha kwanza, kabla ya chai, kwa sababu fedha hutembea haraka kuliko magunia. Kisha wakaenda kwenye marundo: magunia mangapi kwa urefu, mangapi kwa upana, tabaka ngapi. Mkaguzi mchanga alizidisha akaandika jibu. Mkaguzi mzee alivua koti akapanda juu, maana hila ya kale kuliko zote katika ghala ni rundo lenye shimo katikati, kuta zimesimama vizuri na ndani hamna kitu. Nimewasimulia wafanyakazi wangu habari hiyo mara nyingi. Orodha ya vidhibiti iliyojazwa kwa rangi ya kijani kila mstari inaweza kuwa rundo la namna hiyo, na dawa yake ni ile ile ya mzee, kupanda juu.

Lakini ghala lilikuwa na mtu wa tatu pia. Mkulima aliyeleta mahindi kwa mkokoteni alisimama nje akitazama bambo likichomwa ubavuni mwa gunia na punje zikitiririka. Punje hizo za sampuli hazikurudi guniani. Kipima unyevu kilisomwa na wenyewe, kikivuka asilimia 13.5 akaambiwa akaanike tena au akatwe bei. Mizani ilikuwa yao, bambo ni lao, kalamu ni yao. Kufuli mbili zililinda ghala dhidi ya meneja na karani, na zilifanya kazi hiyo vizuri. Hakuna kufuli iliyowekwa kumlinda aliyesimama nje.

Vyama vya ushirika vilijaribu. Sheria ya 1945 ilipowafungulia Waafrika mlango, wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Elgon walikuja kupata kitu kigeni kabisa katika historia hii: kamati ya usimamizi iliyochaguliwa na wanachama wenyewe ili iichunguze kamati inayoendesha chama, na mkutano mkuu ambamo hesabu zilizokaguliwa husomwa hadharani. Kwa kanuni, ni mpango mzuri kuliko wa ghala. Kwa vitendo, nimekaa katika mikutano ambamo hesabu za mwaka juzi zilisomwa mbio mbio kwa Kiingereza saa saba mchana, watu wana njaa na sufuria zinatoa harufu. Waliopanga ratiba walijua walilofanya.

Taaluma yenyewe ilijengwa Nairobi, nami naipitia haraka kwa kuwa haikutoka huku. Sheria ya hazina na ukaguzi ilikuwa ya 1955, mitihani ya KASNEB ilianzishwa 1969, chama cha wahasibu ICPAK kikaja kwa sheria ya 1977. Katiba ya 2010 ilimtenganisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Msimamizi wa Bajeti, ikampa Mkaguzi miezi sita tangu mwaka wa fedha unapokwisha, na ikamtaka aseme kama pesa za umma zimetumika kihalali na kwa kuleta tija. Hilo la tija ni zito. Mwaka 2015 kaunti yetu ya Bungoma ilijulikana nchi nzima kwa wilibaro kumi zilizonunuliwa kwa shilingi 109,320 kila moja. Hapakuvunjwa kufuli wala dirisha. Nilikuwa kwenye kikao Nairobi juma hilo, nikajitambulisha natoka Bungoma, na kikao kikasimama kwa kicheko.

Mwaka huo huo ndio uliotufundisha kwamba ufunguo umebadilika sura. Katika sakata la Huduma ya Vijana kwa Taifa, la shilingi milioni 791, ilidaiwa kwamba nywila za maafisa katika mfumo wa malipo wa serikali, IFMIS, zilitumiwa na watu wengine. Kila mtu wa fedha niliyemfahamu alielewa maana yake mara moja. Ufunguo wa baba ukiibwa, ungeukosa chini ya mto. Nywila ikiibwa bado unayo, na sahihi inayobaki kwenye kumbukumbu ni yako.

Wakati huo simu ilikuwa imekwisha kutugeuza. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka mmoja kabla yake, 2006, shirika la One Acre Fund lilikuwa limeanzia hapa hapa Bungoma, likiwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea kwa vikundi. Mashirika na sacco nyingi za eneo hili, shirika letu likiwamo, zilifuata njia inayofanana: afisa wa nyanjani, kikundi, daftari la kikundi, kitabu cha risiti, na mfuko wa noti unaosafiri kwa bodaboda. Aliyewahi kusimamia hesabu za namna hiyo anajua mfuko ule ulivyokuwa ukikunyima usingizi kila siku ya soko. Malipo yalipohamia kwenye simu, noti zikatoweka njiani, na maofisini tukapumua.

Tulipumua mapema. Kila malipo ya simu huja na jina, nambari ya simu, mara nyingi nambari ya kitambulisho, na kwa upande wetu kijiji, ukubwa wa shamba, na amebakiza deni gani. Ghala lilihama. Zamani lilijaa mahindi, sasa limejaa watu, na ukilifungua vibaya unamwambia mwizi ni mama yupi wa Chwele amepata pesa juma hili na nambari yake ni ipi. Wale matapeli wanaopiga simu wakijifanya huduma kwa wateja hawahitaji kuvunja mlango. Wanahitaji orodha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019. Naihesabu kuwa mara ya kwanza, tangu daftari la vibanda, mtu wa tatu kupewa haki juu ya daftari alimoandikwa: aulizwe, aonyeshwe, asahihishiwe, na taarifa zake zikivuja katika hali inayoweza kumdhuru, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Mwaka 2022 mashirika yakaanza kutakiwa kujiandikisha kwa Kamishna. Juu ya sheria wakaja wafadhili na viwango vya kimataifa. Kinachotajwa zaidi kwenye mikataba yetu ni ISO 27001, ambacho chimbuko lake ni kiwango cha Uingereza cha 1995. Toleo la 2013 lilikuwa na vidhibiti 114, la 2022 limevipanga upya kuwa 93. Walioshika cheti cha toleo la zamani walipewa mpaka mwisho wa Oktoba 2025 kuhamia jipya. Vidhibiti kupungua hakukupunguza ankara ya mkaguzi.

Ankara hiyo ndiyo iliyonivuta mimi ndani. Wakaguzi wa namna hii hulipwa kwa siku, kwa dola, na Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu 130. Aliyeweka bajeti kwa bei moja akalipa kwa nyingine anajua kwa nini mdhibiti wa hesabu lazima awe chumbani tangu tarehe inapopangwa, siyo ankara inapofika.

Nilipoingia nikagundua kwamba ushahidi mwingi nilikuwa nao tayari. Mtu akiacha kazi, wa kwanza kujua kwa hakika ni mwenye orodha ya mishahara, kwa sababu mshahara unasimama. Basi kila mwisho wa mwezi naiweka orodha ya mishahara kando ya orodha ya wenye ruhusa ya kuingia kwenye mifumo. Jina lililo upande wa pili na haliko upande wa kwanza ni ufunguo unaotembea mjini bila mwenyewe. Vivyo hivyo kwa malipo: kadi ya ofisi ikilipia programu ambayo fundi hajawahi kuisikia, ujue kuna mahali taarifa za wakulima zimepelekwa na hakuna aliyeuliza. Daftari la mali linaniambia laptopu ngapi zilinunuliwa. La fundi linaniambia ngapi zimefungwa kwa nywila. Tofauti ya hesabu hizo mbili naiuliza kabla mkaguzi hajaiuliza. Miradi mingi ya fedha za Marekani iliposimamishwa ghafla Januari 2025, watu waliondoka kabla ya barua zao kuandikwa, na kulinganisha orodha mbili kukawa kazi ya kila jioni.

Kuna mahali pamoja katika historia hii ambapo mkulima mwenyewe alipewa bambo. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa hapa Kitale 1956, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho ya walowezi, na mwaka 1964 mahindi chotara ya kwanza kutoka kituo cha utafiti cha Kitale, H611, yakatolewa. Umaarufu huzaa wezi, na mifuko bandia imewatia hasara wakulima wengi, wakagundua mimea ikiwa magotini. KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, sasa huweka kibandiko kwenye mfuko. Mnunuzi anakikwangua, anatuma nambari kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, anajibiwa kama mbegu ni halali kabla ya kuondoka dukani. Nimewaona akina mama wakifanya hivyo kwa duka la pembejeo, muuzaji amesimama akingoja kama karani aliyekabiliwa na mkaguzi. Katika ripoti zote nilizozisoma za udhibiti, sijaona ulio rahisi na wa haki kama huo.

Mwaka 2023 serikali iliandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na walioshika daftari vijijini walikuwa tena machifu na wasaidizi wao. Jina, kitambulisho, simu, ekari. Mbolea ilikuja, na bei ilikuwa nafuu kweli, ingawa 2024 kukazuka kashfa ya mifuko ya ruzuku isiyofikia viwango. Niliwauliza jirani zetu kama kuna aliyeambiwa orodha hiyo itatunzwa wapi na kwa muda gani. Walinitazama kama mtu aliyeuliza mvua inatunzwa wapi.

Kwa upande wetu, kazi iliyobaki ni karatasi. Madaftari ya vikundi ya miaka ya kabla ya simu yamejaa masanduku mawili ya bati katika stoo ya Bungoma, yana majina na nambari za vitambulisho, na mkaguzi ameandika kwamba muda wake wa kutunzwa umekwisha, yateketezwe kwa utaratibu. Nimeshatenga fedha za kuyasaga. Tatizo ni daftari moja lisilo sandukuni. Mwenyekiti wa kikundi kimoja karibu na Kimilili, mama wa makamo ambaye mimi humwamkia shikamoo na yeye huniita mwanangu, analo nyumbani kwake na amekataa kulitoa. Ndani yake kuna mistari inayoonyesha kwamba kikundi chake kilimaliza deni, kila mtu na sahihi yake au gumba lake, na afisa aliyepokea ametia sahihi pia. "Mwanangu," aliniambia, "kompyuta yenu ikisema nina deni, nitaionyesha nini?"

Fundi wetu anasema mfumo una nakala rudufu katika sehemu mbili. Mkaguzi anasema nakala iliyo nje ya udhibiti wa shirika ni kasoro, na kwa kanuni yuko sahihi, maana daftari hilo lina taarifa za watu wengine kumi na zaidi. Mwanasheria anataka tumwandikie barua. Mimi nimependekeza tumpe kila mwanakikundi hati yake ya kumaliza deni, yenye muhuri, ndipo tuombe daftari, na gharama ya kuchapisha na nauli ya kuwafikia wote nimeiweka kwenye bajeti ya robo ijayo. Fomu ya ukaguzi haina mahali pa kuandika mpango wa namna hiyo. Ina "imefungwa" na "haijafungwa". Nimeweka alama kwenye "haijafungwa", nikamwambia mkaguzi aniulize tena hati zikishawafikia.